Koti Lisilokombolewa

Handeni, 4 Machi 2024

Kwa Efrazia, binti wa wapagazi,

Salamu sikupi, maana nikikupa utasema Mzigua hana kingine cha kutoa. Mimi mzima, gari zima, matairi ndiyo yanalalamika. Jua la Handeni linawaka kama limetumwa na nyinyi Wanyamwezi, na maji ya bomba tumeyasahau rangi.

Naandika kwa sababu ni wewe uliyetaka. Ulisema pale Segera, mbele ya Paulina na machungwa yake: "Mdoe, mambo ya mlima niandikie barua. Kwenye simu ukianza kucheka na mimi nacheka, vocha inakwisha hatujapanga hata soksi." Haya, barua ndiyo hii. Nikipita na mahindi kwenda Tanga nitamwachia Paulina, nawe utaichukua mezani kwake.

Sasa sikia. Nimeongea na Jacob wa Marangu, yule aliyekuwa akibeba mizigo ya wazungu mlimani pamoja na marehemu mumeo Raymond. Anasema tukitaka theluji yenyewe, si ya kuoneshwa kwa kidole, twende Julai, kipupwe kikiwa kimekaa. Tutalala kwenye vibanda, kila siku tunapanda kidogo, na siku ya kilele tutaondoka kabla ya alfajiri, kwa sababu ardhi ikiwa imeganda mguu unashika, jua likiipata inakuwa matope na kuteleza. Kule juu kabisa kwenye barafu atatufunga vyuma vyenye meno chini ya viatu. Chupa ya maji tuiweke kichwa chini, maana maji yanaanza kuganda juu. Mimi mtu wa Handeni nitaona maji yanaganda kwenye chupa yangu! Nikifa hapo msinilaumu.

Akaniuliza, "Huyo mama ataweza kweli?" Nikamwambia huyo ni Mnyamwezi, mbandike mzigo kichwani atafika kabla yako.

Wewe ndiye mwenye mitumba. Pekua humo kwenye mabelo utafute makoti, glovu, soksi nzito, na kofia za kufunika masikio. Yangu unayajua ukubwa wake.

Na jogoo wangu je, mmeshampata?

Mtani wako,
Erasto Mdoe

*

Mnyuzi, 12 Machi 2024

Wewe Mzigua unayeoga kwa kikombe,

Barua nimeipata, imelowa maji ya machungwa lakini inasomeka. Jogoo hatuna. Rudi mwezi ujao.

Makoti yapo. Kila belo nikilifungua sokoni Korogwe, chini kabisa kuna koti la kule kwenye baridi, zito kama godoro. Watu wananicheka: Mama Yusta, hili tukavae wapi, jehanamu? Yananunuliwa na walinzi na vijana wa bodaboda, basi. Sasa hivi mazuri nayaficha chini ya meza. Mteja akinyoosha mkono namwambia hilo limeshapata mwenyewe.

Na mimi nimeshaanza mazoezi yangu. Jana nimemwomba yule muuza samaki wa Tanga anifungulie kasha lake la barafu, nikavua kandambili nikaingiza miguu kati ya vibua. Soko zima limekuja kutazama. Nilitaka kujua tu. Kwanza inauma, halafu inachoma, halafu huna miguu. Nimesimama pale mpaka machozi yakanitoka, wakadhani ni ile baridi. Nilikuwa namfikiria Raymond. Mwaka hadi mwaka alikuwa anatembea juu ya kitu hiki na mizigo ya watu kichwani, akirudi Mnyuzi midomo imepasuka, ananiambia, "Mama Yusta, nikiacha kazi hii nitakupandisha mwenyewe, bila mzigo, uione ilivyo nyeupe." Malaria ikamwahi.

Mdoe, unaikumbuka siku ya msiba? Mimi sijaisahau. Watu wanalia, nami nimekaa kwenye mkeka sina hata chozi moja. Mara wewe hapo. Umevaa koti lake la mlimani jua la saa sita, begi lake kichwani, unatupa mguu wa kushoto vilevile kama yeye. Ukapita katikati ya waombolezaji ukipiga kelele, "Sizikwi! Sizikwi mimi! Nilimwahidi mke wangu theluji, nitazikwaje?" Ukajilaza mbele ya jeneza ukagoma. Wageni wa mjini wakashtuka, ilibidi wazee wawaeleze kwamba huyo ni mtani, Mzigua na Mnyamwezi ndivyo wanavyozikana. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakafunguka, na yalipofunguka hayakufungika tena siku ile. Nadhani nisingelia ningekufa.

Ulipoinuka ukasema, "Basi, lala Raymond, nitampeleka mimi." Watu wakacheka tena. Ukaondoka na koti, ambalo ni haki ya mtani mpaka wafiwa walikomboe kwa jogoo.

Nami nimekaa na neno hilo tangu siku ile sijui kama lilikuwa utani. Sasa unaniandikia habari za Julai na vyuma vya meno. Nafurahi kiasi kwamba naogopa.

Efrazia

*

Handeni, 26 Machi 2024

Kwa mama wa vibua,

Habari za miguu yako kwenye kasha la samaki zimefika Handeni kabla ya barua yako. Paulina hana mdomo, ana redio.

Nami nafanya mazoezi. Kabla sijapakia mzigo napanda kile kilima cha nyuma ya mji na dumu la maji mgongoni. Naondoka limejaa, narudi limejaa, sinywi hata tone, maana maji ya Handeni si ya kuchezea. Juzi akina mama wa foleni ya kisima wakanisimamisha. "Mzee Mdoe, huko juu kuna nani unayempelekea maji?" Nikawaambia najiandaa kwenda kwenye theluji. Theluji ndiyo nini? Nikasema ni maji yaliyokaa juu ya mlima, mengi, meupe, hayana mwenyewe wala foleni. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Sasa baba, ukienda huko si uchukue na madumu yetu?"

Jacob anasema kitakachotusumbua si baridi, ni kichwa. Hewa ni haba, mtu anaumwa kichwa na kutapika, na dawa yake ni kwenda polepole na kusema ukweli. Anayeficha ndiye anayebebwa kwenye machela. Tukubaliane hilo: atakayeona vibaya, aseme.

Basi mimi naanza. Utani pembeni, Efrazia. Jioni nikizima gari nyumba yangu inakuwa kimya mpaka nasikia injini inavyopoa. Tangu mama watoto afariki nakula mbele ya redio ili kuwe na mtu anayeongea. Hii safari naifikiria sana, na si kupanda kunakonisumbua, ni kushuka. Basi likitufikisha Segera wewe utashika njia ya Mnyuzi, mimi ya Handeni. Hapo ndipo ninapokwama. Nataka tukishuka mlimani uje Handeni. Ukae.

Mahari nitatoa madumu mawili ya maji, moja lina mfuniko.

Mtani wako,
Erasto Mdoe

*

Mnyuzi, 3 Aprili 2024

Mzigua wewe!

Nimesoma, nimecheka, nimemsomea Paulina naye kacheka hadi machungwa yakabiringika barabarani. Madumu mawili! Babu yangu alitoka Tabora kwa miguu kuja kukata mkonge, akapigwa na jua na miiba, ili mjukuu wake aolewe kwa maji yenye mfuniko mmoja? Ongeza la tatu, na liwe la maji matamu, tutafikiria.

Na wewe ukisema "utani pembeni" ndipo huwa unaanza. Nakujua.

Haya, ya maana. Nimepata glovu za ndani na za nje. Nimepata suruali mbili ambazo maji yanateleza juu yake, sijui wenzetu huwa wanazivalia nini, zina kamba za mabegani. Viatu vyako ndivyo tatizo, miguu kama majembe. Nipe wiki mbili.

Nijibu upesi.

Efrazia

*

Mnyuzi, 7 Mei 2024

Kwa Mdoe,

Hujajibu. Nilisema ni masika, barabara mbaya, magari yamekwama. Lakini Paulina anasema gari lako limepita Segera si mara moja, unapiga honi na kusonga mbele. Unaumwa? Mlima umekushinda? Sema basi, si tulikubaliana anayeona vibaya aseme.

Viatu vyako nimevipata. Nimevitia mafuta.

Kuna jambo lingine. Mwalimu Laurenti, yule mstaafu wa hapa kijijini, amemtuma mshenga. Amekuja na adabu zake zote, akavua viatu mlangoni, akaongea taratibu kwamba mwalimu ni mjane kama mimi, ana shamba, ana bati jipya, anatafuta mwenzi wa uzeeni. Hakuna aliyecheka, Mdoe. Nilikaa namsikiliza nikashangaa, kumbe maneno haya yanaweza kusemwa mtu asicheke.

Wanasubiri jibu. Nakuuliza wewe, mtani wangu: niwajibu nini?

Efrazia

*

Handeni, 15 Mei 2024

Bibi harusi mtarajiwa,

Siumwi. Gari ndilo lilikuwa gereji.

Unaniuliza uwajibu nini? Wajibu ndiyo. Mwalimu ana pensheni, ana bati, ana meno. Mimi nitakuja harusini kama mtani, nitakalia kiti cha bwana harusi na sitainuka mpaka nikombolewe kwa sinia la pilau. Usimnyime Mzigua nyama.

Mlima nenda naye. Jacob anakusubiri Julai, mwambie tu abadilishe jina. Viatu vyangu mpe, akivijaza magazeti vitamkaa.

La koti la Raymond nikuambie, maana utakuwa mke wa watu na halitakuwa jambo zuri likae kwangu. Kila mwezi nakuja kuuliza jogoo, kila mwezi mnasema hamna. Kijiji kizima mmeshindwa jogoo mmoja? Nilikuja kuelewa baadaye. Hukutaka kulikomboa kwa sababu ulitaka Raymond aendelee kutembea, akipita Segera, akipiga honi, akikuchekesha. Mimi nilikuwa kitundikio cha koti tu. Sikulaumu, alikuwa mtu mwema. Lakini ujue kwamba sijalivaa tena tangu siku ile ya msiba. Liko nyuma ya mlango. Likishika vumbi nalikung'uta, nalirudisha.

Nakutakieni heri.

E. Mdoe

*

Segera, 27 Mei 2024

Mdoe,

Mimi ni Paulina. Sijazoea kuandika barua, nimezoea kuzibeba, na hii yako ya mwisho nimeijutia kuibeba. Nimempa Efrazia, akaisomea papa hapa nikiwa namenya machungwa. Hakuniambia ina nini. Aliikunja, akanunua chungwa akasahau kulichukua.

Sasa nikuambie wewe, na uninyamazie. Ile ya Machi aliyonisomea tukacheka, alinisomea ya madumu tu. Nilipomuuliza kwa nini umeandika mahari wakati hakuna posa, akasema, "Achana na huyo, ni utani." Alipodhani natazama wateja akaifungua tena akasoma pale juu kidogo, akarudia, akarudia. Halafu akaitia kifuani, ndani ya kitenge. Mimi ni mtu mzima, najua karatasi ya utani haiwekwi hapo.

Wewe umemzoesha hivyo. Siku zote ukitaka kusema jambo unalifungia mkia wa kuchekesha, mwenzio anashika mkia. Mwandikie tena. Mkia uukate.

Na chungwa alilosahau nimekuwekea, ulilipie.

Paulina

*

Handeni, 9 Juni 2024

Kwako Mama Yusta,

Shikamoo siwezi kukupa kwa kuwa umri wetu ni mmoja, lakini nakusalimu kwa heshima, nikiwa nimekaa mezani, nimezima redio.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Mkono wangu umezoea kukutania, ukiuacha kidogo unakimbilia huko. Nitasema machache kabla haujakimbia.

Nakupenda. Usidhani ni tangu siku ya msiba. Siku ile nilikuwa namlilia rafiki yangu kwa njia tuliyoachiwa sisi watani. Hili limekuja baadaye, taratibu, kila nilipopita Korogwe ukiniuzia shati lenye kola iliyokwisha na kuniapia kwamba ni jipya. Sikujua nikuambieje. Mwalimu anaweza kutuma mshenga na watu wakanyamaza. Mimi nikimtuma mshenga kwenu, akisema tu "ametoka kwa Mdoe", wazee wataangua kicheko kabla hajavua viatu. Kwa hiyo nikakuandikia mwenyewe, nikaogopa, nikaweka madumu. Ulipocheka nilistahili. Lakini iliniuma, nami nikakaa kimya, halafu nikakuandikia ile ya Mei ambayo naomba uitie jikoni iwashe moto.

Gari halikuwa gereji.

Kama umemjibu mwalimu ndiyo, barua hii iwashe moto pia, wala sitakusumbua. Kama hujamjibu, Jumamosi tarehe sita Julai nitakuwa Segera asubuhi kusubiri basi la Moshi. Nitapanda mlima hata nikiwa peke yangu. Nilimwambia Raymond nitakupeleka, na nimechoka kuwa mtu ambaye maneno yake yote ni mchezo. Usipokuja nitaitazama theluji kwa niaba yako, kisha nitashuka.

Lakini njoo, Efrazia. Nikifika huko juu peke yangu nitamwonesha nani?

Erasto

*

Mnyuzi, 30 Juni 2024

Erasto,

Barua yako nilikaa nayo. Nilikuwa naitafutia mkia, nikaigeuza hata nyuma. Sikuuona. Nimeisoma bila kumsomea mtu yeyote.

Mwalimu Laurenti nilimjibu siku nyingi, kabla hata ya barua yako ya Mei kufika. Nilimwambia hapana. Nilikuuliza wewe nimjibu nini kwa sababu nilitaka useme "mkatae". Ukasema una njaa ya pilau. Nililia, nikakutukana kwa Kinyamwezi ambacho hata sikijui vizuri.

Sasa nisikilize habari ya koti, maana umeielewa upande upande. Tangu arobaini ya Raymond wazee wananiambia, "Mama Yusta, komboa koti la marehemu. Mpe Mzigua jogoo wake aende zake." Aende zake! Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia. Mtani akishakombolewa anachukua chake na biashara imekwisha, hana tena sababu ya kugonga mlango wa mjane. Ningekukomboa, ungekuja tena kwa kisingizio gani? Basi nikawa nasema hatuna. Kila mwezi unasimama mlangoni na kofia mkononi, unauliza jogoo, nami nasema hatuna, rudi mwezi ujao. Majogoo walikuwa wanawika nyuma ya nyumba, Erasto. Wanawika na wewe umesimama hapo! Hukuwahi kuwasikia?

Raymond namkumbuka na nitamkumbuka. Lakini sikuwa namtafuta yeye ndani yako. Yeye alikuwa anatembea kwa kutupa mguu; wewe unatembea kama mtu anayekagua matairi. Nawajua wote wawili.

Leo nakukomboa. Paulina atakukabidhi jogoo mwekundu, amefungwa miguu, umpe maji ukifika, hata ya kikombe. Pamoja naye kuna mfuko. Ndani yake kuna koti la bluu, zito, lenye manyoya kwenye kofia, nimelitoa belo la juzi. Aliyelivaa huko lilikotoka simjui wala hatumjui, na wewe ndiye wa kwanza kulivaa huku. Jumamosi uje umelivaa hilo. La Raymond lilete mkononi, nitalivaa mimi. Alisema atanipandisha, basi anipandishe kwa koti lake, na wewe utembee pembeni yangu ukiwa wewe mwenyewe.

Naogopa kichwa kuuma, naogopa kuteleza, naogopa vile vyuma. Yusta amenipigia simu kutoka chuoni ananiuliza, "Mama, unakwenda kufanya nini kule?" Nimemwambia nakwenda kuona maji yasiyo na foleni. Hakuelewa. Nitamweleza nikirudi.

Deni la jogoo limekwisha, hakuna tena kinachokudai uje kwangu. Njoo.

Na huyo jogoo usimchinje. Tukishuka mlimani nataka nimkute Handeni.

Efrazia